Swali la Udongo

Katika Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na kwa Kiswahili cha Paul Sozigwa mwaka 1975, mwanamke wa Kiacholi anauliza: ikiwa Muumba aliifinyanga dunia, udongo aliuchimba wapi? Naye alifinyangwa na nani? Mumewe, Ocol, msomi na Mkristo, hajibu. Anamwona mjinga mwenye maswali ya kipuuzi.

Husemwa kwamba waamini na wasioamini hugombana kwa ajili ya Mungu. Mimi hapa naona vingine. Lawino hakani kila imani. Dini ya mumewe ndiyo haimwingii. Wanachogombania ni nani mwenye haki ya kuuliza. Ocol anakasirika, nadhani, kwa kuwa swali lile hajapata kujiuliza mwenyewe.

Hata hivyo, mshairi namlaumu kwa jambo moja: amemfanya Ocol mtu rahisi kushindwa. Wapo waumini waliokesha na swali hilo, na alfajiri wakaamka kusali. Hao hawamo. Na wasioamini nao hufunga mlango kwa dharau ile ile.

Naandika haya kwa aibu. Nikiwa mwalimu kijana, mwanafunzi aliniuliza mbele ya wenzake, "Mungu aliumbwa na nani?" Nikamwamuru akae chini. Alikaa, na hakuniuliza tena neno hadi alipohitimu. Ningemjibu, "Sijui, nami hujiuliza," imani yangu isingepungua.