Wallahi Haukunigusa



Pita jioni baada ya sala ya Alasiri katika mitaa ya Ngamiani hapa Tanga, au teremka mpaka Pangani, utawakuta watoto wa kike wakicheza rede. Mchezo wenyewe waujua: wawili husimama huku na huku na mpira wa matambara au wa soksi kuukuu, na wenzao wako katikati wakikwepa. Mpira ukimpata mtu, ametoka. Iko na namna nyingine, ambayo aliye katikati hujaza mchanga ndani ya chupa huku akikwepa. Mchezo huu hauhitaji kiwanja wala fedha, nao hufunza wepesi wa mwili na wa jicho. Mimi nausifu.

Lakini una tundu moja. Mpira wa matambara hauachi alama. Ukipita ukagusa pindo la gauni, hapana ajuaye kwa yakini ila mwenye gauni. Hapo ndipo utasikia: "Umekugusa!" "Haukunigusa!" Na sauti zikipanda, hutoka neno lile: "Wallahi haukunigusa!" Jina la Mwenyezi Mungu, Subhanahu Wataala, limeletwa kuwa shahidi wa uongo kwa ajili ya soksi iliyojazwa vitambaa. Nasi wakubwa tuko barazani, twasikia, twaendelea na kahawa yetu.

Sasa tuutazame mchezo wa mbali uliopatwa na maradhi hayo hayo. Huko Marekani ulianza mwaka 1981 mchezo uitwao peintiboli: watu hupigana kwa bunduki maalumu zitupazo vidonge vya rangi. Kidonge kikimpasukia mtu, ametoka. Utadhani hapo hapana ubishi, maana rangi yenyewe ni shahidi. La! Wako waifutao upesi, na wako wanaoendelea kupiga kana kwamba hawakupigwa. Kwa hiyo katika mashindano yao wakaweka adhabu: aliyeendelea kucheza hali amepigwa hutolewa yeye na mwenzake pamoja, na mwenye kufuta rangi huweza kuwaponza wengi zaidi. Ama aliyepigwa mgongoni asipaone, huyo anayo ruhusa ya kumwita mwamuzi amkague.

Nimeipima kanuni hii, nami naona ina jema na ina la kuulizwa. Jema lake ni kuyatenga mambo matatu tunayoyachanganya: kupigwa si kosa, kutojua si kosa, kuficha ndilo kosa. La kuulizwa ni huyo mwenzake: amekosa nini? Dini yetu yafundisha kwamba nafsi haibebi dhambi ya nafsi nyingine. Jawabu nionayo ni kwamba huyu habebi dhambi, hubeba hasara. Aliyekwisha toka kisha akaendelea kupiga, amewatoa watu wa upande wa pili kwa dhuluma, na kundi lake lote limefaidi. Kurejesha kilichochumwa kwa dhuluma ni haki. Lakini kwa watoto wetu nisingeitumia adhabu hiyo. Mtoto asiye na kosa hatafahamu tofauti ya dhambi na hasara. Ataona ameonewa tu.

Tena adhabu peke yake haitoshi, kwa kuwa mwamuzi ni mtu. Bwana Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Ummu Salama, alitahadharisha kwamba yeye ni mwanadamu na huhukumu kwa ayasikiayo, basi mtu akipewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi, asiichukue, kwani ni kipande cha moto. Ikiwa hukumu yake yeye haigeuzi haramu ikawa halali, itakuwaje filimbi ya refa?

Kumbuka tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca, mjini Mexico City. Maradona aliwafunga Uingereza goli kwa mkono. Mwamuzi, Ali Bin Nasser wa Tunisia, hakuuona mkono ule. Akalikubali goli, na Argentina ikashinda 2-1. Mwamuzi alihukumu kwa alichokiona. Mchezaji alijua, na baadaye mwenyewe alikiri. Nasi miaka yote hii twalisimulia goli lile kwa kicheko: "Mjanja yule!" Watoto wapo, wasikia.

Na pale Mkwakwani, Coastal Union wanapocheza, ni wangapi kati yetu humpigia refa kelele kwa penalti tuliyonyimwa, wakanyamaza kwa ile tuliyopewa bure? Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa yatuamrisha kusimamia uadilifu, hata ushahidi ukiwa juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Mama atokaye mlangoni kumtetea bintiye kabla ya kuuliza imekuwaje, na baba amwitaye mwanawe mjinga kwa sababu amekiri, hao ndio waalimu wa kwanza wa kiapo kile cha uongo.

Basi nashauri mambo mepesi. Mwamuzi wa rede awe mtoto asiyecheza duru hiyo, wala asiwe ndugu wa mwenye kesi. Mwenye shaka aulize, asione haya. Pasipo yakini, mtoto asitolewe kwa dhana. Pasirudiwe kutupa, mchezo uendelee. Aliyekiri atoke, arudi duru ijayo, na asifiwe mbele ya wenzake. Aliyethibitika kuficha akae duru mbili, bila ya matusi wala kupigwa. Na kiapo kipigwe marufuku kabisa katika mchezo: mwenye kutamka "Wallahi" kwa ajili ya mpira, mchezo usimame, afundishwe uzito wa neno hilo.

Ndugu msomaji, binti huyu wa rede kesho ataitwa mbele ya kadhi kutoa ushahidi juu ya mirathi ya mayatima, au atashika mizani dukani. Huko nako dhuluma huenda isiache alama. Leo jioni, ukimsikia akisema, "Kweli umenigusa, natoka," weka kikombe chako chini, umwite, umwambie: "Ahsante, mwanangu."

Wabillahi taufiq.