SAR na SMG: Ipi Bora?

Sisi walimu tuliopitia Jeshi la Kujenga Taifa miaka ya 1970 tulizijua bunduki mbili. SAR ya Simonov hubeba risasi 10 na hupiga moja moja. SMG ya Kalashnikov hubeba 30 na huweza kuzimimina mfululizo. Risasi zao ni zilezile, za milimita 7.62. Kwa kulenga shabaha naipa SAR alama za juu: mtutu wake ni mrefu, na uchache wa risasi humfunza kijana kufikiri kabla ya kufyatua. SMG hata mtoto huijua upesi, nao ndio ubaya wake. Mwaka 1996 wakimbizi walivuka ziwa kuja huku kwetu Kigoma, wakikimbia vita ambamo watoto waliibeba.