Juu ya filme «2001»: hila, uongo na kimya

Wako wakatekista wanaosema kwamba filme za safari za angani ni uongo mtupu, hazifai kuonyeshwa katika misioni. Wengine, wakiisha kuzitazama, wanauliza kama picha zile zilitoka mwezini kweli. Hawa na wale wanaacha ulizo moja: kazi ile ilifanywa gisi gani?

Tutwae filme moja, «2001» ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filme 45 za maana. Hii ilitiwa katika fungu la sanaa.

Ilitengenezwa Uingereza, pasipo ordinateri kuchora picha hata moja. Ili mtu aonekane akikimbia ukutani na darini, walijenga gurudumu kubwa, upana wake karibu meta 12, likazunguka pamoja na meza na viti. Mkimbiaji alibaki chini siku zote. Nyumba ndiyo iliyozunguka. Kalamu inayoelea hewani ilibandikwa tu juu ya kioo.

Ya ajabu kupita ni jangwa la mwanzo. Picha zake zilipigwa Namibia, lakini waigizaji walibaki Uingereza. Nuru ya picha ilipigwa na kioo cha mshazari, ikaenda juu ya pazia lenye shanga ndogo sana za kioo, nalo likairudisha palepale kwenye kamera. Mtazameni chui: macho yake yanawaka moto. Hakuna aliyelipanga jambo hilo, ni nuru ya masini inayorudi. (Bara letu lilitoa mawe na anga, Mwafrika mwenye sehemu ya maana hayumo. Hilo linaniuma.)

Je, ni uongo? Mtakatifu Toma anafundisha kwamba kusema uongo ni kusema kinyume cha yaliyo moyoni. Fundi huyu hasemi kwamba alifika huko. Anatoa mfano, na hakuna anayeuliza jina la Msamaria wa Injili.

Ilipoonyeshwa Washington mwezi wa Aprili 1968, wengi walichoka, wengine wakatoka. Kubrick akakata dakika karibu 19. Waandishi wakubwa wa New York waliikemea, vijana wakajaza nyumba za sinema. Mwaka 1969 zawadi ya Oscar kwa hila zake ilipewa Kubrick peke yake, ingawa Douglas Trumbull, Wally Veevers na wengine walitoa jasho. Si haki.

Njia ya nuru ya mwishoni, kazi ya Trumbull, inasifiwa sana. Kwangu ni ndefu mno, ni fataki. Kazi bora ni ile isiyoonekana. Walijaribu namna mbalimbali kuwaonyesha viumbe wa mbali, wakashindwa kuridhika, wakaacha. Likabaki jiwe jeusi tu, lililonyoka, pasipo uso. Sisi tunaomchora Mungu Baba kama mzee mwenye ndevu katika vitabu vya katekismo, tulifikiri jambo hilo.

Anayetaka kuionyesha katika seminari ndogo aigawanye siku mbili, maana inapita saa mbili. Na dakika karibu 25 za kwanza hakuna neno linalosemwa. Tafadhali, asisimame mbele kuwafasiria vijana wakati huo.