Si kila jaji wa Mahakama Kuu ni Jaji Mkuu

KIVUMISHI '-kuu' ni kifupi mno kwa umbo, lakini katika taarifa za mahakama kimekuwa kikizua mkanganyiko mkubwa. Aghalabu utamsikia mtangazaji akisema 'jaji mkuu amesimamisha utekelezaji wa sheria hiyo', ilhali aliyetoa agizo ni mmoja wa majaji wa Mahakama Kuu pale Milimani. Wakiketi watatu, wanageuzwa kuwa 'majaji wakuu watatu'. Msikilizaji naye, akiwa ndani ya matatu au kibandani akinywa chai, anamwambia mwenzake: "Si huyo ndiye mkubwa wao? Basi hiyo kesi imeisha!"

Haijaisha. Katika makala haya, ninanuia kuonyesha kwamba mahali tunapokiweka kivumishi hicho huamua ni nani aliyetoa uamuzi, katika mahakama gani, na iwapo aliyeshindwa bado ana pa kwenda.

Tuanze na sarufi. Katika 'Mahakama Kuu', kinachosifiwa ni mahakama. Katika 'Jaji Mkuu', anayesifiwa ni jaji. Tunaposema 'jaji wa Mahakama Kuu', ukuu unabaki kwenye mahakama. Hauruki ukamwangukia mtu. Mama muuza mahindi kando ya barabara kuu hawi mkuu wa barabara kwa sababu ya mahali alipoweka jiko lake.

Wingi nao unaifichua kasoro hiyo vizuri zaidi. 'Majaji Wakuu' ni neno sahihi tunapowataja Willy Mutunga, David Maraga na Martha Koome, walioshika wadhifa huo mmoja baada ya mwingine tangu 2011. Nchi haina Majaji Wakuu watatu kwa wakati mmoja. Kwa hivyo, hakuna jopo linaloweza kuwa la 'majaji wakuu watatu', sikwambii watano.

Yamkini kosa hili lina mizizi katika historia. Chini ya katiba ya zamani, Jaji Mkuu alikuwa mmoja wa majaji wa Mahakama Kuu, tena aliye juu ya wenzake. Wakati huo, aliyesema 'Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu' hakuwa amepotoka sana. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilibadilisha mpangilio huo. Jaji Mkuu sasa ndiye kiongozi wa Idara ya Mahakama na pia rais wa Mahakama ya Juu, ambayo baadhi yetu huiita Mahakama ya Upeo. Mahakama Kuu ina kiongozi wake, Jaji Kiongozi, ambaye huchaguliwa na majaji wenzake wa mahakama hiyo. Sheria ilihama, ndimi zetu zikabaki palepale.

Mahakama ya Rufaa nayo ina rais wake, ambaye pia huchaguliwa na wenzake. Najua wapo wanaocheka wakisikia 'Rais wa Mahakama ya Rufaa', kwa kuwa kwao rais ni yule wa Ikulu tu. Hata hivyo, cheo hicho ni sahihi na hakifai kugeuzwa 'Jaji Mkuu wa Rufaa'. Mfano mzuri ni William Ouko. Alikuwa Rais wa Mahakama ya Rufaa kabla ya kuteuliwa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 2021. Kwa sikio, kutoka 'rais' hadi 'jaji' ni kama kushushwa cheo. Kwa ngazi za mahakama, alipanda. Mwandishi asiyetaja mahakama pamoja na cheo humwacha msomaji gizani.

Mkanganyiko mwingine ni wa 'naibu' na 'kaimu'. Naibu ni msaidizi mwenye wadhifa wake. Kaimu hushikilia kwa muda wadhifa ambao hauna mwenyewe au ambao mwenyewe hayupo. Maraga alipostaafu Januari 2021, Philomena Mwilu alikuwa Naibu Jaji Mkuu na papo hapo Kaimu Jaji Mkuu, hadi Koome alipoapishwa Mei mwaka huo. Hayo ni maneno mawili yenye kazi mbili, hata kama yanamhusu mtu mmoja.

Lakini hata pale ambapo 'Jaji Mkuu' limetumiwa kwa mtu anayestahili, bado tunalibebesha mzigo usio wake. Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha matokeo ya uchaguzi wa urais, mitaani ilisemwa "Maraga amefuta uchaguzi". Ukweli ni kwamba walioamua ni majaji sita: wanne waliunga mkono na wawili wakapinga. Kura ya Jaji Mkuu ilikuwa moja tu, sawa na ya mwenzake yeyote. Ukuu wake ni wa kuongoza idara na vikao, si wa kuwaamulia wenzake. Vivyo hivyo, anapoteua jopo la majaji wasiopungua watatu wa Mahakama Kuu kusikiliza kesi nzito ya kikatiba, kazi yake ni kuteua. Hukumu ni yao. Tukiandika kana kwamba kila uamuzi umetoka kinywani mwake, tunamtupia sifa na lawama asizostahili.

Tukivuka mpaka hadi Tanzania, tahadhari inahitajika pia. Huko nako kuna Jaji Mkuu na Jaji Kiongozi, lakini mahakama iliyo juu kabisa ni Mahakama ya Rufani. Mkenya anayeifananisha na Mahakama yetu ya Rufaa kwa sababu majina yanakaribiana atadhani bado kuna ngazi nyingine juu yake. Haipo.

Kuna wanaojitetea kwamba nafasi katika kichwa cha habari ni finyu, na kwamba 'jaji wa Mahakama Kuu' ni maneno mengi. Sawa, basi waandike 'jaji'. Neno hilo peke yake ni fupi kuliko 'jaji mkuu' na halidanganyi. Wengine husema wanaongeza 'mkuu' kwa heshima. Heshima ina neno lake: 'Mheshimiwa Jaji'. Anayetaka kueleza kwamba jaji ametumikia miaka mingi ana neno 'mwandamizi'.

Narudi kwa yule msikilizaji wa kwenye matatu. Tuseme kesi ni yake, inahusu shamba la babake, na ameshindwa katika Mahakama Kuu. Ana siku 14 za kuwasilisha ilani ya kukata rufaa. Akiambiwa 'jaji mkuu ameshaamua', ataenda nyumbani akiamini kwamba hakuna aliye juu ya mkuu, na siku hizo zitapita huku akijiliwaza. Wanaoandika na kutangaza habari za mahakama hawana uwezo wa kumrudishia shamba. Wanachoweza ni kumwambia, kwa Kiswahili kisicho na utata, ni jaji gani ameamua na wa mahakama ipi.