Mteja hapatikani katika hojaji za watafiti wetu

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu huzaa tasnifu tele kuhusu ubunifu na mienendo ya wateja katika sekta ya huduma: benki, hoteli, hospitali, matatu, kampuni za simu. Nimezisoma si haba, maana marafiki zangu wa idara za biashara huniletea hojaji nizitafsiri. Takwimu zao sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni lugha.

Nyingi hujengwa juu ya SERVQUAL, kipimo kilichochapishwa 1988 na wataalamu watatu wa Marekani: Parasuraman, Zeithaml na Berry. Kina kauli 22 katika vipengele vitano, na mhojiwa hutia alama ya moja hadi saba, kwanza kwa alichotarajia, kisha kwa alichokipata. Pengo baina ya hizo mbili ndilo hupimwa. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini ilifanywa kwa Kiingereza, kwa wateja wa Marekani wa benki, kadi za mkopo na simu za masafa marefu.

Sasa ifikishe hojaji hiyo Gikomba. Kiingereza kinagoma, msaidizi wa utafiti anatafsiri papo hapo, kila mmoja kivyake. Kipengele cha tano, kinachohusu kumjali mteja kama mtu, hugeuka kuwa "huruma". Haya, muulize muuza mitumba kama benki yake inamwonea huruma! Huruma twampa mgonjwa, yatima, aliyefiwa. Mtu aliyelipa ada yake haombi kuhurumiwa. Akicheka na kutoa alama mbili, tasnifu itaandika kwamba benki imefeli.

"Kuridhika" nako ni balaa zaidi. Katika Kiswahili, "nimeridhika" yaweza kuwa furaha, na yaweza pia kuwa "basi, nitafanyaje?" Mgonjwa aliyekaa foleni tangu alfajiri, akahudumiwa saa nane mchana, atakuambia ameridhika, wala hadanganyi: ameyapokea yaliyomfika bila kinyongo. Jedwali linamwandikia saba. Kisha mkuu wa hospitali anasoma ripoti na kuona foleni si tatizo.

Wapo watakaonijibu kwamba tafsiri hurudishwa katika Kiingereza ili kukaguliwa. Wachache hufanya hivyo, nawapongeza. Ila "kuridhika" hurudi Kiingereza salama salimini, na maana ya pili inabaki njiani bila mkaguzi kuiona.

Yanayopotea hapo si madogo. Tazama M-Pesa, mfano ambao kila mwanafunzi huunukuu. Majaribio ya 2005 yalilenga kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo kwa simu. Wakopaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangulizwa. Ubunifu mkubwa, basi, ulitoka kwa mteja, na walioutambua ni wale waliotazama alichokuwa akifanya.

Mteja huyohuyo ametunga na lugha yake. "Nitumie elfu moja, na uweke ya kutoa." Maneno hayo matatu ya mwisho ni sura nzima ya tasnifu! Kampuni humtoza mpokeaji anapotoa pesa kwa wakala. Watu wakaamua, bila kuitisha mkutano, kwamba mtumaji mwenye adabu huibeba ada hiyo. Mwana asiyeweka ya kutoa anapomtumia mamake, kijiji kitasikia. Hapo pana bei, pana undugu, pana aibu. Ni kauli ipi kati ya zile 22 ingeyanasa hayo?

Sidai SERVQUAL itupwe. Ninachotaka ni kidogo: tasnifu iambatishe hojaji ya Kiswahili, Kikamba au Kidholuo iliyotumika hasa, pamoja na baadhi ya majibu jinsi yalivyotamkwa. Katika viambatisho nimekuta barua za kibali, ramani ya kaunti, hata bajeti ya nauli na karatasi. Hojaji yenyewe aliyosomewa mteja, kwa lugha aliyosomewa, bado naitafuta.