Swali Lenye Mizani

Baba alikuwa karani bandarini Kilindini. Kwa miaka 31 alihesabu magunia ya watu: kahawa, sukari, simiti. Makontena yalipoenea, akawa anatia sahihi karatasi za magunia asiyoyaona. Wiki moja kabla ya kufariki aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa, "Yote niliyohesabu yalikuwa ya watu. Langu lilikuwa lipi?" Nikamwambia apumzike. Mzazi wangu aliniuliza maana ya maisha yake, nami nikamwambia apumzike.

Matangani majibu yalikuwa tele. Kazi ya Mungu haina makosa. Njia yetu sote ni moja. Tulimpenda, Mungu amempenda zaidi. Sikuona kosa katika maneno hayo, na hata leo silioni. Ila yalinipitia kama salamu za njiani. Turubai likakunjwa, masufuria yakarudishwa kwa majirani, nikabaki na swali la baba nisijue pa kuliweka.

Nilikuwa na mwalimu wa ushairi, mzee mzaliwa wa Lamu aliyehamia Mombasa. Nikamwendea alasiri moja, nikamkuta barazani, nikamweleza yote. Nilitarajia mawaidha. Yeye akaniuliza kama nina kalamu.

"Litunge," akasema.

"Nitunge nini, maalim?"

"Hilo unalonambia. Utenzi, mizani nane. Usiniletee kabla halijatimia."

Neno mizani lina kazi nyingi katika lugha yetu. Kuna mizani ya muuza sukari, kuna mizani ya bandarini, kuna ile tunayoambiwa itapima amali zetu Siku ya Kiyama, na kuna hii ya washairi, ya kuhesabu silabi. Mwanaisimu atanambia haya ni mambo mbalimbali. Sawa. Lakini mtu akikaa usiku, kidole gumba kikigusa ncha za vidole vinne, kikizunguka mara mbili kwa kila kipande, hawezi kuamini kwamba anahesabu silabi tu.

Kanuni yenyewe mtoto wa shule anaijua: ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kina kina cha bahari kinachorudi kila ubeti hadi mwisho wa utenzi. Nilichukua kina cha -bu, na -ri kwa kina cha bahari, na kipande cha kwanza kilinijia usiku uleule: "Mungu anazo sababu." Hesabu mwenyewe, ni nane kamili. Nikakipeleka kwa kujivuna.

Mzee akakipitisha vidoleni. "Mizani imetimia. Kina kimekaa. Sasa nambie, hizo sababu unazijua?"

"Sizijui, maalim."

"Nani aliyekwambia zipo?"

"Watu. Matangani."

"Basi kipande hiki ni cha watu. Warudishie."

Mzee huyu hakuwa na shaka na Mungu. Alfajiri haikumkuta kitandani. Hakukana kwamba sababu zipo. Alichokataa ni mimi kutia sahihi gunia nisiloliona. Hapo ndipo nilipoanza kuupenda ufundi huu kwa namna ambayo darasani sikuipata. Katika maongezi ya kawaida mtu anaweza kusema lolote kuhusu Mungu, likapita, kwa kuwa maneno ni mengi na hakuna anayeyahesabu. Katika mizani nane nafasi ni finyu. Neno la kuazima linaonekana mara moja, kama kiatu cha mtu mwingine mguuni mwako.

Ndipo nikamrudia Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Kazi yake ya ushairi, Al-Inkishafi, nilikuwa nimeisoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani nikafaulu, basi. Sasa niliisoma kama mtu aliyefiwa. Mtunzi alikuwa sharifu wa Pate, mwanachuoni, mtu ambaye wengine walimfuata kutaka majibu. Naye akaketi akauhoji moyo wake mwenyewe. Akautembeza katika majumba ya matajiri wa Pate: taa zilizokuwa ziking'aa, vidaka vilivyopangwa sahani, na sasa ndege wamefanya viota humo, popo wananing'inia, bundi analia. Nimefika Pate. Kuta zingine zingali zimesimama, na katikati yake watu wamelima tumbaku.

Angeweza kuusomea moyo hukumu katika ubeti mmoja, kwani hukumu aliijua. Badala yake alichagua umbo gumu, mizani kumi kwa kila mstari, yenye kituo baada ya ya sita, na mstari wa nne wa kila ubeti ukiishia -ye tangu mwanzo. Kila picha aliyoileta ilipaswa kupita kwenye tundu hilo la -ye. Nadhani ndiyo sababu moyo unaohojiwa humo hauna pa kukimbilia.

Wapo wanaosema kwamba kujitafutia jibu lako kuhusu Mungu ni kiburi, kwamba jibu lilishateremshwa na kazi yetu ni kulipokea. Nawasikiliza. Lakini Sayyid Abdalla hakutilia shaka kitabu. Alitilia shaka moyo wake. Kitu alichokijua ulimini miaka yote hakikuwa kimefika kifuani, na safari hiyo fupi ndiyo iliyomtoa jasho. Mwana Kupona naye, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alianza utenzi wake kwa kumwita bintiye alete wino na karatasi. Dua angeweza kuomba bila wino.

Wiki ya tatu nilikuwa na vipande viwili. "Maisha yake hesabu," kisha "Ya watu, kwake taabu." Mzee akakubali cha kwanza. Cha pili akakitazama sana.

"Alikwambia ilikuwa taabu?"

"Hapana."

"Kaulize."

Nikamwendea mama, akipepeta mchele uani. Nikamuuliza kama kazi ya bandarini ilimchosha baba. Mama akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mazishi.

"Babako? Alipenda kuhesabu yule. Akirudi zamu ya usiku alikuwa akishika taa, akiwahesabu nyinyi mmelala. Sita. Kila siku sita. Kisha ndiyo anavua viatu."

Nikarudi na ungo wa mchele mkononi mpaka jikoni bila kujua nimeuchukua kwa nini.

Kipande cha pili kikawa "Nasi tulele karibu." Tulele ni "tumelala" kwa Kiamu, na ndilo neno pekee ambalo mwalimu alinikopesha. Alikihesabu mara mbili, akanirudishia daftari bila neno. Cha tatu ni "Bado nangoja jawabu," kwa sababu lile la baba nimelipata, la kwangu bado, na sitaandika kwamba nimelipata.

Mwalimu alifariki kabla sijamaliza. Ubeti una vipande vitatu hadi leo. Cha nne lazima kiishie -ri, na nimeshakata "subiri" na "Qahari", maana yote mawili niliyaokota matangani. Ukiwa na neno linalofaa, msomaji, usiniletee. Chukua kalamu ukatunge lako.