Upande Upi? Juu ya Kulitafsiri Neno Moja la Kiingereza

Katika darasa moja la jioni hapa Niboye, wilayani Kicukiro, wanafunzi walitakiwa kulitafsiri neno la Kiingereza "lopsided". Karibu wote waliandika: "isiyo sawa". Jibu hilo halina kosa la sarufi, lakini lina upungufu wa maana, na hapana shaka sisi walimu ndio tuliowazoesha.

Vitu viwili visivyo sawa vyaweza kusimama wima, kila kimoja mahali pake. Neno hili lasema jambo jingine: kitu kimoja ambacho uzito wake umekwenda upande, kikainama. Waingereza walilitumia kwanza kwa merikebu iliyolalia ubavu. Baadaye likapanda nchi kavu, likasemwa juu ya paa, tabasamu, mchezo na hata mapatano.

Kiswahili nacho ni lugha ya wanamaji. Chombo huenda mrama. Lakini mrama ni kuyumba huku na huku, si kulalia upande mmoja. Mzigo uliofungwa vibaya hukaa tenge, na mstari huwa mshazari. Mchezo uliokwisha kwa mabao 7 kwa 0 twauita wa upande mmoja.

Kwa mapatano na hoja, bora tutumie kitenzi: kuelemea. Kivumishi cha Kiingereza humruhusu mwandishi kulalamika bila kumtaja aliyefaidika. Bali aandikaye "mapatano yameelemea" huulizwa mara moja: upande wa nani? Hapa pana hadhari. Mkataba "ulioelemea upande wa mkopeshaji" humfaa mkopeshaji. Mkataba "uliomwelemea mkopaji" humkandamiza mkopaji. Mkataba ni ule ule, ila sentensi mbili zautazama kutoka pande mbili. Mwanafunzi asipofundishwa tofauti hiyo, atageuza maana bila kujua.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kusema kwamba lugha hizi nne "si sawa" shuleni hakumfunzi mtu kitu. Kusema kwamba masomo yameelemea upande wa Kiingereza ni kuonyesha uzito ulipo, na kwa hiyo ni kitu gani chaweza kusogezwa.

Basi, mwalimu mwenzangu, ukikuta "isiyo sawa" daftarini, usiweke alama ya kosa. Andika pembeni swali moja tu: upande upi?